Mkebe wa Chai Juu ya Moto

Goweko, 3 Septemba 1944

Kwa kaka yangu Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Sisi huku tuna afya ya watu wa kiangazi, midomo imepasuka lakini miguu inakwenda. Wifi yangu Leonia anakusalimu. Goti linamsumbua, ulimi ni mzima. Mbuzi mweusi alizaa mapacha, mmoja akafa. Karanga za mbegu nimekwisha zitenga. Katekista wetu amehamia Kipalapala kulima bustani ya mapadre, kwa hiyo Jumapili tunasali wenyewe, na anayetuongoza ni Leonia. Hajui kusoma, ila ana sauti.

Ninaandika kwa ajili ya mwanangu Marko. Tangu barua yake ya wakati wa Kwaresima sijapata nyingine. Alipojiandikisha uaskari huko kwako Dar es Salaam alitoa jina lako, si langu, akisema barua za serikali zitapotea kabla ya kufika Goweko. Basi najua kila kitu chake kinapita kwako kwanza. Ukisikia neno, nijulishe.

La pili ni dogo. Unaukumbuka ule mkebe wa chai ambao Bibi wa Kizungu unayempikia alimpa Marko, akaja nao siku aliponiaga? Alinipikia mara moja tu. Nilipoonja nikamwambia, "Baba, hii inanuka sabuni." Akacheka mpaka akamwaga kikombe chake. Akaniambia, "Mama, hiyo ni harufu ya ganda la tunda lao, mfano wa danzi, lile chungwa chungu. Usiimalize. Nikirudi nitakufundisha kuinywa."

Sijaigusa tena. Lakini nafikiri, akirudi amechoka haifai apike yeye. Wewe ndiwe uliyemfundisha jikoni kwako. Nifundishe na mimi, niwe nimeshajua kabla hajafika.

Msalimu wifi Eustadia.

Mdogo wako,
Josepha


Dar es Salaam, 29 Septemba 1944

Kwa mdogo wangu Josepha,

Milele, amina. Marahaba sana. Barua yako ilinikuta salama. Eustadia anakohoa usiku, lakini mchana anafanya kazi zake. Hapa joto limeanza. Mkate ni wa mgao na sukari ni ya mgao, na Bibi ananilaumu mimi kana kwamba ndimi niliyeanzisha vita.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali ya askari kumpelekea chakula kijana wa kwetu, jina lake Mabruki, nyumbani kwao ni Cheyo pale Tabora mjini. Amerudishwa kutoka Burma na mguu mmoja umekatwa. Alikuwa kikosi kimoja na Marko, wakila sahani moja. Tulizungumza hadi muuguzi akaja kunitoa.

Ana habari za Marko. Nimemwomba bwana wangu ruhusa nije Goweko. Akinipa nitapanda gari la moshi siku iyo hiyo, nije nikuambie mwenyewe.

Chai nitakuonyesha nikifika.

Kaka yako,
Kasimiri


Goweko, 24 Oktoba 1944

Kwa kaka yangu Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Pole kwa kikohozi cha wifi Eustadia. Mwambie achemshe majani ya mpera, anywe yakiwa moto. Hapa mawingu yamekuja yakaondoka. Watu wanachoma mashamba na macho yetu sote ni mekundu, hata huwezi kujua nani amelia.

Barua yako nimeisoma. Nikamkumbuka Ngollo.

Wewe ulikuwa umekwisha kwenda pwani, hukuwapo. Lakini desturi ya nyumba yetu unaijua, tangu babu alipokuwa mpagazi wa pembe, kwenda Bagamoyo na kurudi. Mwenzao akifa njiani hawakutuma neno. Yule aliyepokea mzigo wa marehemu ndiye aliyefika mlangoni kwake, akaketi nje, akanyamaza. Hasemi mpaka mtu wa nyumba ile ampe maji. Akishakunywa, anasema. Babu alisema ni kumpa mwenye msiba nafasi ya kuchagua saa yake.

Mume wangu Lugembe alipokufa huko kwenye mkonge wa Tanga, Ngollo, mwenzake wa kazi, ndiye aliyekuja. Nilimwona alipoingia uani na kuketi. Nilikuwa natwanga. Nikaendelea kutwanga. Mahindi yakawa unga, nikatwanga unga. Marko alikuwa bado na meno ya utoto. Alimwonea mgeni huruma kwa jua lile, akachota maji kwa kata, akampelekea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Ngollo akanitazama mimi. Kisha akanywa.

Nimekumbuka tu.

Kaka, usije sasa. Mvua zikianza njia ya kutoka stesheni inakuwa tope, na wewe umezoea sakafu. Chakula nacho ni kidogo, nitaona haya kukulisha mboga kavu. Tena hakuna haja ya kuhangaika na safari. Habari njema huandikwa. Kama Mabruki amekupa habari za Marko, ziandike tu kwenye karatasi nami nitazisoma.

Mdogo wako,
Josepha


Dar es Salaam, 2 Desemba 1944

Kwa mdogo wangu Josepha,

Milele, amina. Eustadia amepata nafuu, anashukuru kwa dawa. Nimechelewa kukujibu. Si kwamba sina wino. Nimeketi na barua yako mara nyingi, nikaikunja tena.

Bwana amenikatalia ruhusa, anasema wageni wa Krismasi ni wengi. Nitamwomba tena mwaka ukigeuka.

Uliniuliza kuhusu chai, hilo naweza kukujibu. Chota maji mapya, yasiwe yaliyolala. Yakianza kuchemka, mimina kidogo ndani ya buli, litikise lipate moto, uyamwage. Huna buli, basi tumia kile chungu kidogo cha mama, ila kiwe hakijapikiwa mboga. Tia majani kiasi cha kijiko kimoja kwa kila mtu. Mimina maji yanayochemka juu yake, funika, uache. Usirudishe motoni. Usitie maziwa wala tangawizi, kwa sababu harufu ile ni nyepesi, ikikutana na tangawizi inakimbia. Bibi hutazama saa. Marko hakuwa na saa, alisali fungu moja la rozari kwa mwendo wa kawaida, na chai yake haikupungua wala haikuzidi.

Mara ya kwanza lakini, sikuwapo jikoni. Bibi alikuwa na wageni, Marko akaipika kama chai ya nyumbani: sufuria moja, maziwa, sukari, tangawizi iliyopondwa, ikachemka mpaka ikapanda. Bibi alionja, akafumba macho, akaniita. Akaniuliza kwa upole kwa nini leo tumeanza na supu. Ikarudishwa yote. Tukaketi kwenye ngazi ya jikoni mimi na mpwa wangu, tukainywa mpaka tukatoka jasho. Akaniambia, "Mjomba, wao ndio wasiojua chai."

Mkebe huo unauweka wapi? Chai hushika harufu ya kila kilicho jirani nayo. Hapa siwezi kuiweka kabati moja na vitunguu. Na sasa haipatikani tena, meli zinabeba askari. Bibi mwenyewe amebaki na mkebe mtupu anaoufungua na kunusa.

Kuhusu Marko, nitakuja.

Kaka yako,
Kasimiri


Goweko, 7 Januari 1945

Kwa kaka yangu Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mvua imenyesha vizuri. Mtama umeota mistari yote, hata kwenye kichuguu. Yule mwana mbuzi aliyebaki amekua, anakula nguo zangu kwenye kamba.

Barua yako nilimsomea Leonia, kwa sababu alinikalia mbele kama polisi. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa Marko." Nikasoma. Akauliza, "Ndiyo hayo tu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Karatasi nzima ya majani ya chai, na mtu mwenyewe maneno machache." Kisha akachukua jembe, akaenda kulima upande wake. Tangu siku hiyo hanitanii. Natamani anitanie. Juzi nilitia chumvi mara mbili kwenye mboga kwa makusudi, akaila yote kimya.

Mkebe upo salama, usiwe na wasiwasi. Uko kwenye uchaga juu ya moto, pamoja na mbegu. Chini kuna mchwa, ukutani kuna panya. Mfuniko umelegea kidogo, lakini nimeufunga kwa kitambaa cha Marko cha shingoni. Umesema chai hushika harufu. Najua. Lakini kaka, kitu ambacho tunataka kije kuota tunakiweka wapi kama si hapo? Tangu nizaliwe sijaona mbegu iliyotunzwa kwingine ikaamka. Sitaushusha.

Chungu cha mama nimekitafuta, nimekiosha kwa majivu. Rozari naisali kwa mwendo wa kawaida, najizoeza.

Usisumbuke na ruhusa. Mto umejaa.

Mdogo wako,
Josepha


Dar es Salaam, 22 Machi 1945

Kwa mdogo wangu Josepha,

Milele, amina. Eustadia mzima. Mabruki ametoka hospitali na gongo lake, alisafiri nami hadi kwetu, akaendelea Tabora kwa mama yake.

Basi umeshajua kwamba nilifika. Bwana alinipa ruhusa fupi mno, nami sikutaka kukuandikia kwanza, ningepata jibu lile lile. Mto haukuwa umejaa. Niliuvuka nikiwa nimevaa viatu.

Niliketi uani kwako tangu kabla ya adhuhuri. Mlango ulikuwa wazi na majivu yalikuwa bado na moto, kwa hiyo nikajua hukuwa mbali. Leonia alikuja, tukasalimiana. Aliniuliza habari za Eustadia, za mgao wa sukari, akauliza kama ni kweli Dar es Salaam wanazima taa kwa kuogopa ndege. Hakuniuliza la Marko. Aliona midomo yangu imekauka, akaingia ndani, akashika kata. Nilimwona kupitia mlangoni. Aliishika, akaitazama, akairudisha juu ya mtungi. Akatoka akaniambia, "Shemeji, nisamehe. Maji ya nyumba hii si yangu."

Kisha akaketi mbali nami, akaanza kuchambua mboga ambayo ilikwisha chambuliwa.

Kutoka pale nilipoketi niliuona mkebe. Umekuwa mweusi kwa masizi, rangi zake hazionekani, hata yale maandishi ya dhahabu. Mimi nimefanya kazi ya jikoni tangu ujana wangu. Juu ya chai iliyomo sitasema kitu.

Jua lilipokwenda sana ikanibidi niwahi gari. Nilikuachia ratili moja ya sukari kizingitini, nimeiweka ndani ya kopo isiingiwe na sisimizi.

Bwana amesema hakuna ruhusa nyingine mwaka huu. Lakini ukiniita nitaacha kazi nije, jiko haliwezi kukosekana duniani. Tangu Septemba nimebeba mzigo huu, Josepha. Sikuandiki haya ili nikulazimishe. Nakuambia tu kwamba ninao, na mwenye kuupokea ni wewe.

Kaka yako,
Kasimiri


Goweko, 20 Mei 1945

Kwa kaka yangu Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Ahsante kwa sukari, sisimizi hawakuipata. Mvua zimekwisha, mtama tumevuna, ni mwingi kuliko watu wa kuula. Goti la Leonia limepona lenyewe.

Nilikuona siku ile. Nilikuwa ndani ya mtama, upande wa kichuguu. Nilikuona ukivua viatu ukakung'uta mchanga, ukavivaa tena, kama alivyokuwa akifanya baba. Nilikuona ukijifuta uso kwa kofia. Nilijua una kiu. Nilikaa chini mpaka niliposikia gari linalia stesheni, na hata lilipokwisha kulia nikakaa bado. Nisamehe kiu ile.

Nilikuwa nafikiri kwamba mtu asiyepewa maji hajaleta kitu. Na kama hajaleta kitu, basi kitu hakipo. Niliweza kuishi hivyo. Lakini mwezi huu limekuja tangazo kwamba vita vya Ulaya vimekwisha, na Kipalapala wamepiga kengele tangu asubuhi. Watu wanakuja hapa wakicheka, wananiambia, "Mama Marko, fagia uwanja." Mmoja ameniletea kuku, tumfuge mpaka Marko arudi. Nimempokea yule kuku. Nilipomfunga mguu nikaona siwezi tena. Mimi peke yangu naweza kunyamaza, lakini siwezi kunyamaza na kuku wa watu.

Alhamisi nikaushusha mkebe.

Nilifanya kama ulivyoniandikia. Maji mapya. Chungu cha mama nikakipasha moto, nikamwaga. Nikafungua kitambaa. Majani yalikuwa makavu mazuri, meusi, hayakuingiwa na mdudu hata mmoja. Nikatia kiasi cha kijiko, nikamimina, nikafunika, nikashika rozari. Nilikwenda kwa mwendo wa kawaida. Katikati nikasahau nimefika wapi, nikaanza upya, kwa hiyo labda ilikaa kupita kiasi.

Nilimwita Leonia. Tukanywa sote wawili, bila maziwa, na sukari yako kidogo. Nilinusa kabla sijaonja. Nikanusa tena. Harufu ya danzi haimo. Ile sabuni niliyoisema haimo. Ni moshi, kaka, moshi mtupu, na uchungu kidogo nyuma yake. Nilitia ulimi kwenye mfuniko wa mkebe upande wa ndani, nikaulamba kama mtoto. Moshi.

Leonia naye akaonja. Nilifikiri atasema neno la kunifariji. Akasema, "Wifi, hii inanuka nyumba yetu." Tukaimaliza.

Wewe uliiona siku ile ukajua, nawe hukusema. Nakushukuru kwa kutosema. Niliitunza pale ninapotunza vitu vyote ambavyo sitaki vipotee, na pale pale ndipo ilipopotelea. Ningeiacha mezani tu, na panya wakapita juu yake, leo ningekuwa nayo.

Imebaki kiasi cha vikombe viwili. Mkebe nimeuweka mezani sasa. Mbegu za mtama zipo juu peke yake.

Njia imekauka. Sina tena neno la kukuzuia. Acha kazi au usiache, hilo utajua wewe na bwana wako, lakini njoo. Nitakuwa nyumbani. Sitakwenda shambani, wala sitatwanga. Ukifika usikae juani, kaa kivulini upande wa jikoni, maji yatakuwa motoni. Nitakupikia hiyo hiyo iliyoingiwa na moshi. Tutaitia maziwa na tangawizi, tuichemshe mpaka ipande, kwa kuwa haina tena harufu ya kuogopa kuikimbiza.

Zamani Ngollo alipewa maji na mtoto. Safari hii nyumbani hamna mtoto wa kumwonea mgeni huruma. Nitakuletea mimi, kwa mikono miwili. Unywe, kisha useme.

Mdogo wako,
Josepha